Salamu Zilizojaza Mashine

Gemu ilikata tena, safari hii Bondeni, mji uliomo ndani yake, ikiwa imejaa maji mpaka madirishani na vijana wa Kihonda wako juu ya paa wanavuta kamba. Ukumbi mzima ukapiga yowe moja. Miwani zikavuliwa, glovu zikatupwa mikekani, na kila jicho likamgeukia mwanamke aliyepiga magoti nyuma ya mashine, utadhani yeye ndiye aliyechomoa waya.

"Sijagusa kitu," alisema Hidaya Mbwambo, mikono juu, bisibisi imebanwa na kidole gumba.

"Mpare akisema hajagusa ujue kashaweka mfukoni," alisema Festo Shirima, mwenye ukumbi, mtu wa Rombo mwenye kitambi cha heshima na sauti ya kuuzia mnadani.

"Na Mchaga akikaa kimya ujue ana ndizi mdomoni. Kaka Shirima, kaa kimya basi."

Vijana wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kesho yake ilikuwa fainali, Kihonda dhidi ya Mafiga, na kamati ya ligi haikuwa na huruma: mashine ikikata katikati ya fainali, ukumbi unashindwa, na mji uliomo ndani unafutwa wote na kupandwa upya, kama ulivyotoka kiwandani.

Hidaya alikuwa ameshafanya yote ambayo fundi hufanya kabla ya kukubali kwamba hajui. Alipuliza vumbi kwenye feni. Alichomoa vibao vya kumbukumbu, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akavirudisha kimoja kimoja kuona kipi kigonjwa. Vyote vizima. Alirudisha draiva ya zamani, ile programu inayoendesha kadi ya picha, akaweka mpya, akapunguza uzuri wa maji mpaka yakafanana na uji wa muhogo. Mashine ilikuwa na afya kuliko fundi mwenyewe. Lakini ukiwasha gemu, kile kimstari cha kuonyesha kumbukumbu iliyotumika kilianza kupanda taratibu, bila haraka, kama maziwa jikoni. Ukigeuza shingo kidogo tu, yameshamwagika.

"Kuna kitu humu ndani kinashika kumbukumbu halafu hakiachii," alisema.

"Sasa?"

"Sasa nipe miwani. Nakwenda kukiuliza."

*

Gemu yenyewe iliitwa Maji Yanakuja. Mto unafurika, wachezaji wanaokoa mji, basi. Ila kila mashine ilikuwa na Bondeni yake, na wakazi wa kila Bondeni walikua kivyao, wakaoana, wakagombana, wakakumbuka. Wa Mafiga walikuwa wapole. Ukiwaokoa wanasema "asante shujaa" na kupunga mkono. Wa kwa Shirima walikuwa na midomo. Ukimwangusha mtu majini wiki hii, wiki ijayo anakataa kushika kamba yako. "Wewe? Mwenye mikono ya siagi? Niite mwingine." Watu walitoka mpaka Kilosa kuja kusutwa nao.

Hidaya aliingia mto ukiwa umelala na jua limewaka. Kile kimstari alikiweka pembeni ya jicho la kulia asikipoteze. Mwanamke wa kwanza kukutana naye alikuwa anageuza vitumbua kwenye kikaango, kanga kiunoni, jasho puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na Chande hajambo?"

"Chande ni nani?"

"Mume wangu. Maji yalimchukua masika."

Hidaya alikohoa. "Pole, mama. Sasa mimi nitajuaje kama hajambo?"

"Hutajua. Wewe sema hajambo."

"Hajambo."

"Haya. Na Mama Rehani hajambo? Na mdogo wake yule mwenye makengeza? Na kinyozi wa pale mbuyoni, na yule kijana wake asiyejua kunyoa?"

Kila jina lilipotoka, kimstari kilipanda kidogo, unene wa unywele. Hidaya akageuka kuangalia soko. Watu walikuwa wamesimama wawili wawili, vikapu chini, hakuna anayenunua wala anayeuza. Soko zima linasalimiana. Huyu anauliza, yule anajibu hajambo, halafu wanabadilishana zamu. Majina yalikuwa yanamiminika kama mchele kwenye pishi.

"Mama, jina lako nani?"

"Mwashamba."

"Mama Mwashamba, hizi salamu mbona ndefu hivi? Nani kawafundisha?"

Mwashamba akapunguza moto. "Nani atufundishe? Siku moja tuliamka, pale nyuma ya msikiti kuna nyumba. Mlango wazi. Ndani kuna sufuria ya ubwabwa, bado ya moto, na viatu vya watoto. Soko zima hakuna anayejua nyumba ya nani. Mimi mwenyewe kanga iliyoanikwa pale uani ilikuwa pacha ya hii niliyovaa. Maana yake tulinunua pamoja, si ndiyo? Nilikuwa na rafiki, mwanangu, na sijui alikuwa nani."

Hidaya aligeuza macho kuelekea msikitini.

"Tukakaa, tukaangalia. Anayechukuliwa na maji, kesho yake hatajwi, keshokutwa hajawahi kuzaliwa. Ila Chande mimi nilikuwa namtaja tu kila siku, kwa hasira, kwa nini alikwenda mtoni. Na Chande akabaki. Basi tukasema, kumbe dawa ni hiyo. Tuulizane wote."

Hapo ndipo Hidaya alipokaa chini, kwenye mchanga ambao haukuwepo, akacheka mpaka machozi yakalowesha miwani.

Alimjua vizuri yule waliyekuwa wanapambana naye. Ndani ya gemu kulikuwa na programu ndogo, mafundi wakiiita mfagiaji. Kazi yake kupita kila siku ya Bondeni ikiisha na kuondoa chochote ambacho hakuna anayekihitaji tena, kumbukumbu ipate nafasi. Waliotengeneza gemu hawakutaka misiba. Mchezaji amelipa kufurahi, hataki kukuta watu wamejifunika kanga. Kwa hiyo mkazi akichukuliwa na maji, mfagiaji anamfuta na kufuta mawazo yake vichwani mwa wenzake, mji unaamka mchangamfu. Sharti lake moja tu: hafuti kitu ambacho mtu amekitaja siku hiyo.

Watu wa Bondeni walikuwa hawajui mashine ni nini. Hawajui kama wao ni gemu. Lakini waliichungulia ile sheria kutoka upande wa ndani, wakiwa na sufuria ya ubwabwa tu kama ushahidi, wakaipiga chenga kwa salamu.

Ila fundi haamini mpaka ajaribu, na Hidaya tangu utoto alikuwa na mkono wa utundu. Akainuka, akamsogelea fundi baiskeli aliyekuwa anaziba pancha kivulini, mwanamume mrefu aitwaye Lukwele.

"Hujambo, fundi? Na Shirima hajambo?"

Lukwele akamtazama. "Shirima yupi?"

"Yule mwenye kitambi. Humjui? Maskini."

"Aa! Hajambo, hajambo," Lukwele alisema haraka, uso umemshuka kwa aibu ya kusahau. Na mtu wa kwanza aliyepita hapo akaulizwa: "Na Shirima hajambo?"

Hidaya akazunguka soko mara moja, akala kitumbua kisicho na ladha, akarudi. Jina lilikuwa limemtangulia. "Shirima mwenye kitambi hajambo?" "Shirima mla ndizi, bado anaumwa mgongo?" Na pembeni ya jicho la kulia, kimstari kilikuwa kinapanda ngazi.

*

Shirima aliposikia akakaa juu ya kreti la soda, mdomo wazi.

"Yaani niko mle ndani?"

"Uko mara nyingi. Njoo uone." Hidaya alikuwa amefungua kumbukumbu ya gemu kwenye kioo cha pembeni. "Kila mkazi anayekuulizia anakutengeneza wa kwake kichwani. Huyu ana Shirima mrefu. Huyu Shirima kibogoyo. Huyu hapa kakuoza wake watatu."

"Huyo mwache."

"Sasa piga hesabu ya mji mzima, kila mmoja kabeba marehemu wote, kila marehemu kwa sura yake. Ndiyo maana inajaa. Mashine haina ugonjwa. Imejaa watu."

Shirima akajikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya; kuta za ukumbi wake zilikuwa zimebandikwa picha za wakazi wa Bondeni wakisuta wachezaji. "Dawa ipo?"

"Ipo, rahisi. Nakata salamu. Nabadilisha mstari mmoja, wakikutana waseme mambo, poa, kila mtu ashike njia yake. Jioni mfagiaji anapita, mashine nyepesi kama unyoya. Kesho mnacheza."

"Na hao wanaoulizwa?"

"Wanaondoka wote. Chande na wenzake. Hawajawahi kuzaliwa."

Nje mtu alikuwa anaita wateja wa chipsi.

"Usipokata?" Shirima aliuliza.

"Inakata yenyewe. Na tazama hapa." Akamfungulia ripoti ya mojawapo ya siku mashine ilipokata. "Gemu ikikata inarudi pale ilipohifadhi mara ya mwisho. Yaliyotokea katikati yanapotea. Juzi mke wa Lukwele alijifungua. Mtoto wa kike. Ikakata. Ilipowaka tena mambo yakaenda kivingine kidogo, mimba ikaharibika. Huyo mtoto hayumo popote ila kwenye hii ripoti. Baba yake mwenyewe hajui."

"Yesu."

"Wanawashika wafu kwa nguvu mpaka wanawadondosha walio hai. Na hawajui."

Shirima alitazama zile picha ukutani muda mrefu. "Dada Hidaya, kata. Inaniuma, lakini kata. Kesho tukishindwa wanafutwa wote, wafu na wazima. Mle ndani hakuna atakayelia, si watakuwa hawakumbuki?"

Hilo ndilo lililomzuia Hidaya. Ilikuwa kweli kabisa. Angewaibia kitu na wasingejua wameibiwa. Katika utundu wake wote wa maishani, kuweka chumvi kwenye chai za watu na kufunga kamba za viatu chini ya meza, raha ilikuwa ni lile jicho la mtu akigundua. Huu wa leo hakuna ambaye angegundua, na kwa mara ya kwanza akaona hautamchekesha.

"Watu waliopata akili ya kutega mashine kutoka ndani yake," alisema, "siwezi kuwakata kimya kimya kama waya. Nakwenda kuwaambia."

"Utawaambia nini? Kwamba wao ni gemu?"

"Nitawaambia kinachowaumiza. Jina la mahali walipo watalitoa wenyewe."

*

Aliwakuta Mwashamba na Lukwele pamoja, kikaango upande huu, baiskeli imepinduliwa upande ule, wanasalimiana. Akaketi katikati yao, akaeleza. Alitumia maneno waliyokuwa nayo: Bondeni ni kama chumba, chumba kina kuta, na kila mnayemuulizia anahitaji pa kukaa. Chumba kikijaa, kuta zinaanguka, mnaamka siku ya nyuma na yaliyotokea hayapo.

Mwashamba akamwangalia chini mpaka juu. "Wewe kabila gani?"

"Mpare."

"Nilijua. Mpaka marehemu unatupimia kwa kijiko?"

"Mama, ningekuwa na uwezo ningeongeza chumba. Mashine haipokei zaidi ya hapo."

"Kitu gani kimeshapotea?" aliuliza Lukwele, bado anacheka.

Hidaya aliangalia gurudumu la baiskeli lilivyokuwa linazunguka lenyewe. Halafu akamwambia. Lukwele alilishika lile gurudumu kwa kiganja, likasimama.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Tulimwita nani?"

"Hamkuwahi kumpa jina."

Vitumbua vikaanza kuungua na hakuna aliyevigeuza. Kisha Mwashamba akamgeukia fundi baiskeli, akajifunga kanga vizuri, akasema kwa sauti ile ile ya kila siku: "Lukwele, hujambo? Na binti yako hajambo?"

Lukwele aliinamia gurudumu. "Hajambo."

Kimstari kilipanda. Hidaya akakunja uso.

"Kuta zimesogea, siyo?" Mwashamba alimuuliza, macho makali. "Nimekuona ulivyokunja uso. Sasa nisikilize. Wewe unasema kila mmoja wetu kabeba wote. Kwa nini? Mbona zamani mjumbe wa nyumba kumi alikuwa anajua za nyumba kumi zake, na wa kule anajua zake, na mji ukaenda? Tugawane. Kila mtu abebe wachache, kumi tu. Mimi nikitaka habari za kinyozi, namwendea aliyepewa kinyozi, namuuliza, ananiambia. Nikiondoka, simbebi."

Hidaya alihisi nywele zinasimama. Kuna watu walilipwa mishahara mirefu kufikiria hivyo: kitu kimoja, mahali pamoja, wengine wote wajue tu pa kukiulizia. Huyu mama kakifikia huku vitumbua vinaungua.

"Itatosha," alisema. "Itatosha na nafasi itabaki. Lakini mama, maana yake usiyepewa unamwacha. Usimtaje siku nzima mpaka jua lizame. Kichwani mwako anatoka kabisa."

"Nimeelewa."

Habari ilitembea soko zima, na soko likageuka baraza la kugombania wafu. Huyu hamwachii mama yake, yule anataka wote kumi wawe wa ukoo wake, wawili nusura wapigane kwa ajili ya mpiga zumari ambaye kila mmoja alidai ni rafiki yake wa damu. Hidaya alikaa pembeni akiwaangalia, na kila dakika alizidi kuwapenda. Mwishowe ilifika zamu ya Chande.

"Huyo ni wa kwangu mwenyewe," alisema mpika vitumbua, na hakuna aliyebisha. Wakataka kuendelea na mwingine.

"Ngojeni." Mwashamba alikuwa anachezea mwiko. "Chande wangu kwa sasa yukoje? Mpole, hapandishi sauti, ananichotea maji. Chande hakuwahi kunichotea maji hata siku nilipokuwa naumwa. Mimi kila ninavyomtaja nampaka mafuta. Nikiachiwa mwaka mmoja atakuwa malaika, na Chande halisi hayupo tena popote." Akanyoosha mwiko. "Lukwele. Wewe aliazima pampu yako akaenda nayo mtoni. Unamsema vibaya kila kukicha."

"Pampu ilikuwa mpya, shemeji."

"Mchukue wewe. Wewe utamshika alivyo."

Lukwele aliweka mkono kifuani. "Na wewe, shemeji, nishikie binti yangu. Mimi nitampamba."

Siku moja ya Bondeni kwa huku nje haifiki saa nzima. Hidaya aliivaa miwani muda wote, akasimama mbele ya kikaango kama mteja asiye na haraka. Mwashamba alipika. Watu walipita wakasalimia, salamu fupi, majina machache. Mara kadhaa midomo yake ilianza kutengeneza herufi ya kwanza, akaigeuza kuwa chafya, au kuwa tusi kwa kuni mbichi. Jua lilipogusa mto aliacha kupika, akakaa, akashika magoti yake kwa mikono yote miwili kama mtu aliye kwenye gari lenye mashimo mengi. Halafu likazama.

Kimstari kikaanguka. Kilishuka kama ndoo kisimani, kikapita pale kilipokuwa asubuhi, kikatulia.

Mwashamba akainua kichwa. "Mwanangu, mbona umesimama? Vitumbua vimekwisha."

"Nilikuwa naondoka, mama," alisema Hidaya. Hakuwa ameandika hata mstari mmoja wa programu.

*

Fainali ilichezwa mchana kweupe, ukumbi umefurika mpaka barazani. Maji yalikuja, mashine haikukohoa. Kihonda walifungwa na Mafiga kihalali kabisa, kwa sababu nahodha wao alikazana kuokoa kabati badala ya watu, na wakazi walimsuta kwa ubeti na kibwagizo mpaka mashabiki wa Mafiga nao wakawa wanapiga makofi. Shirima alicheka na kulia kwa pamoja. Mji wake ulikuwa mzima.

Watu walipotawanyika Hidaya akavaa miwani. Bondeni walikuwa wanakausha magodoro. Mwashamba alikuwa amekwenda kwa Lukwele kuzibiwa tundu la ndoo, na mpita njia mmoja alikuwa anamuuliza fundi habari za watu wake kumi.

"Chande hajambo?"

"Hajambo, mjinga yule."

Mpita njia akaenda zake. Mwashamba akatua ndoo chini. "Chande ndiyo nani?"

Lukwele alimwangalia kidogo, kisha akamvutia kigoda. "Kaa. Huyo alikuwa mwongo wa kuzaliwa. Mwaka mmoja alimpaka punda chokaa na masizi, akawaambia watoto ni pundamilia, akawapandisha mgongoni kutwa nzima. Mvua ikanyesha punda akiwa katikati ya soko."

Mwashamba alicheka hadi akashika mbavu. Alicheka kama mtu aliyesikia jambo jipya kabisa, na Hidaya, aliyesimama hatua chache tu kutoka hapo, alishindwa kuamua kama amewahi kuona kitu kizuri hivyo au cha kutisha hivyo.

"Yarabi, mtu gani huyo! Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Alivumilia vipi?"

"Ni wewe, shemeji," alisema Lukwele.

Kicheko kikapungua, kikakaa midomoni kidogo, kikaisha. Mwashamba aliangalia mto, akaangalia mikono yake, akaangalia tena mto. Halafu akasogeza kigoda karibu, akajifunga kanga vizuri.

"Haya," alisema. "Anza mwanzo kabisa, siku niliyomuona mara ya kwanza. Na usinipunje hata neno."